Funguo za Stoo

Barua ilikuja Jumatatu, kabla sijavua buibui.
Mistari minne na nusu, haina salamu.
Simamisheni kazi.
Kana kwamba kazi ni punda, wavuta kamba anasimama.

Huko Washington mtu alikuwa amekaa kitini,
akatia wino mnene kwenye karatasi,
akaiinua kamera ziione.
Huku Langoni friji ya chanjo ikaendelea kuunguruma,
kwa kuwa friji haisomi barua.

Nikahesabu. Ndiyo kazi yangu, kuhesabu.
Katoni mia mbili na kumi na nne,
dawa za kifua kikuu, za wakubwa na za watoto.
Amri: zisiguswe, zisitolewe, zisirudishwe.
Zikae tu, kama mali ya marehemu
ambaye warithi wake hawasemezani.

Jumatano jaji mmoja akasema zitolewe.
Ijumaa wakasema ngojeni rufaa.
Jumatatu ya pili, kimya.
Nikawa naitazama simu kama watu watazamavyo mwezi,
umeandama, haujaandama,
na kadi za wagonjwa zinapanda mezani.

Nje, kwenye kahawa, Mbwarahaji ana mwana Minnesota,
dereva wa lori. Shekuwe ana shemeji Texas.
Basi mmoja mwekundu, mwenziwe buluu,
na wote wawili hawajapata kuvuka Mombasa.
"Rais akiamua, ameamua!"
"Na lile Bunge ni la kupikia uji?"
Tangu mfungo sita hawapeani mkono wakitoka msikitini.
Nasikia na wabunge wenyewe ndivyo walivyo:
nusu washangilia, nusu walia,
na uchaguzi ukigeuka
wanabadilishana vilio.

Darasa la saba Mwalimu Yumbe alituchorea mafiga matatu.
Hili latunga, hili latenda, hili lahukumu.
"Moja likikua kuliko wenziwe," alisema, "chungu hakikai."
Hakutwambia kwamba chungu kikipinduka
mchuzi waweza kumwagika maili elfu nane,
ukaanguka kwenye paja la mtoto wa Matondoni.

Mtoto mwenyewe ni Bunu. Miaka sita, mwezi wa nne wa dawa.
Mamake, Somoe, aliweka kadi mezani.
Hakuuliza habari za jaji.
Aliuliza, "Zimeisha?"

Ningeweza kusema zimeisha.
Zilikuwa nyuma ya mgongo wangu, nasikia harufu ya maboksi.

Na usiniletee ile methali ya tembo na nyasi.
Nyasi hazina funguo.
Mimi ninazo tatu, kwenye uzi wa kijani.

Nikafungua.
Nikaandika tarehe, jina, vidonge thelathini,
nikatia sahihi kwa biro inayovuja.
Somoe alifunga dawa kwenye pindo la leso
akaondoka bila kunishukuru, na sawa,
mtu hashukuru kupewa chake.

Usiku usingizi ukanipaa.
Hakuna aliyenipigia kura. Sikuuliza baraza lolote.
Amri imesema hivi, mkono wangu umefanya vile.
Basi na mimi?
Yule naye, nadhani, hujiambia ana haraka,
watu wanangoja, sheria ni konokono.
Kila ajipaye madaraka
ana Somoe wake mlangoni, au husema anaye.

Sijapata jibu la kutosha.
Nina daftari tu. Nimeliacha wazi juu ya meza,
kila kidonge kimeandikwa, na wino uliovuja umo.
Ndoo unikague.
Ukiona nimekosa, nyoosha mkono, nitakupa funguo,
sitaita kamera.

Asubuhi Shekuwe aliuliza niko upande gani.
Nikamwambia nahesabu.

Katoni mia mbili na kumi na tatu.
Na moja iliyofunguliwa.